Njia ya Kwenda Lubindi

Agathe alikuwa amepiga goti moja nyuma ya bidoni, dumu la mafuta ya mawese, anakaza kamba, pale pikipiki ya kutoka Kalembe ilipomteremsha mwanamke aliyelowa matope hadi magotini. Mwanamke yule hakukung'uta nguo wala kuomba maji ya kunawa. Aliwatazama wabebaji waliokuwa wakifunga mizigo kwenye parkingi ya Pinga, akawapita wawili, akasimama mbele ya Agathe.

"Jambo, mama. Njia ya Lubindi njo ipi?"

Haikupita siku bila Agathe kuulizwa swali hilo. Mlima Lubindi ulitajwa redioni. Ulitajwa Goma na, kama walivyosema watu, hata ng'ambo, ambako mawe yake yalitiwa ndani ya simu. Lakini kwa mtu aliyetaka kuufikia, barabara iliishia Pinga. Kutoka hapo ilikuwa miguu, na miguu ya Agathe ilikuwa imekwenda huko miaka tisa, lita ishirini mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso hata nywele za mbele zikaacha kuota na ngozi ikafanya mfereji.

"Iko siku mbili," alijibu huku akivuta fundo kwa meno. "Ufuate wabebaji mupaka ku muto. Pale kuko kamba. Ukivuka usiangalie maji, angalia mukono yako. Ngambo utakuta njia mbili. Ile pana ni ya zamani, haifike popote. Shika ile nyembamba. Utalala..."

"Ku kambi ya wawindaji," mwanamke akamalizia. "Asubui kupanda, mupaka nione udongo mwekundu."

Agathe aliinua kichwa.

"Mutoto wangu njo alinielezea ku simu," mwanamke alisema. "Mucyo. Alikuwa hapa Pinga, mbele ya kuingia mu pori. Miye nilikuwa nalia, njo akanisomea njia yote ili moyo yangu itulie. Akasema, mama, usiogope, kuko mama moja mubebaji amenionyesha muzuri."

Jina lake lilikuwa Mukankusi, mtu wa Kibabi, kule juu Masisi kwenye malisho. Ng'ombe wao kumi na wanne walichukuliwa asubuhi moja na watu wenye bunduki, pamoja na ndama aliyekuwa hajaacha kunyonya. Mume wake alilala kitandani akageukia ukuta, hakuinuka tena. Ndipo Mucyo aliposema atakwenda kwenye mlima ule unaotajwa redioni, arudi na japo jike mmoja wa maziwa.

Wiki tatu zilizopita mlima ulikuwa umeanguka. Agathe siku hiyo alikuwa na homa, alisikia habari kwa wabebaji waliorudi na mizigo yao ileile: upande mmoja umeteremka mchana, watu wako ndani. Wengine walisema arobaini, wengine mia. Majina hakuna aliyekuwa nayo.

"Nilisikia," Mukankusi alisema kabla Agathe hajafungua kinywa. "Nataka tu nifike."

Agathe alimtazama: mrefu, shingo nyembamba, Kiswahili chake kina lafudhi ya watu wa ng'ombe. Kati ya Pinga na Lubindi kulikuwa na bariyeri tatu, vizuizi vya watu wenye silaha, na mwaka ule watu walipimwa kwa namna walivyotamka maneno. Mtu wa Kibabi, peke yake, mikono mitupu, hangepita hata ya kwanza.

"Kama unataka kufika," alisema, "utabeba."

Papa Isidore, mwenye mafuta, alipandisha sauti alipoona bidoni lake likimiminwa katika mabidoni mawili madogo. Ni nani huyu? Akiyamwaga? Agathe alimjibu kwamba yakimwagika hata tone, yeye asimpe tena mzigo maisha yake yote. Isidore alimwangalia, akaenda zake kugombana na mtu mwingine.

Mukankusi alikuwa amebeba maziwa kichwani tangu utotoni, lakini kamba ya kipajini hakuijua. Hatua mia za kwanza alipinda shingo nyuma akakaribia kuanguka chali.

"Usipigane nayo," Agathe alimwambia. "Inama. Angalia visigino vyangu, basi. Ukitaka kuangalia mbali, utachoka."

Basi akatazama visigino. Walitembea nyuma ya wabebaji wengine katika tope lililofyonza miguu na kuirudisha kwa shida, na Agathe alisikia pumzi ya mwenzake ikikatika, ikirudi, ikikatika. Mara moja tu aliomba wasimame, akajishika mti, akapangusa paji la uso. Ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka.

Kwenye bariyeri ya kwanza, mwanamume mwenye kofia ya sufu alinyoosha fimbo mbele ya Mukankusi.

"Huyu ni nani? Simujue."

"Ni muke-mwenzangu," Agathe alijibu. "Bwana amemuleta juzi."

"Mbona haseme?"

"Atanisemesha aje? Hata miye simusemeshe. Tangu amefika ule mwanaume hajakula kwangu."

Wanaume walicheka hadi mmoja akakaa chini. Walichukua vikombe viwili vya mafuta, wakawapisha. Maneno yalikimbia mbele kuliko miguu, na kwenye bariyeri ya pili na ya tatu waliulizwa kwa kicheko kama wale wake wenza wamekwisha kupatana. Mukankusi hakuinua uso. Jasho lilimtiririka puani likadondokea njiani.

Mtoni Agathe alivuka wa kwanza. Aliposhika ukingo wa pili akageuka, akamwona mwenzake katikati ya maji, ameng'ang'ania kamba, macho ameyakaza kwenye mkono wake wa kulia kama mtu anayesoma barua. Alipotoka majini wakakaa kwenye mawe kukamua vikwembe, vitenge vyao vilivyolowa. Wabebaji wengine walikuwa wametangulia. Agathe aliona kwamba asiposema hapo hatasema tena.

"Mama Mucyo. Ule mubebaji mwenye alimuonyesha mutoto wako njia. Ni miye."

Mukankusi aliendelea kukamua kikwembe.

"Nilijua ku parkingi," alisema. "Ulianza na muto, ukasema angalia mukono yako. Maneno ni ileile. Hata moja haikupotea."

"Wanaouliza ni wengi sana."

"Alikuwa na pengo hapa." Alijigusa jino la juu. "Ng'ombe ilimupiga akiwa mudogo. Akicheka anaficha na mukono."

Agathe alitafuta. Aliwapitisha kichwani vijana wa mwaka huo, mabegi yao ya shule yaliyojaa nguo, viatu vyao vya plastiki, mmoja aliyeimba, mmoja aliyemkopesha tochi, mmoja aliyetoka Nyabiondo na mbwa. Wote walikuwa wameficha midomo yao, au hakuna aliyeificha. Alitamani aseme ndiyo. Ingekuwa rahisi: ndiyo, alicheka, alificha na mkono.

"Simukumbuke," alisema.

Mukankusi alijifunga kikwembe kilicholowa, akainama, akaingiza kichwa katika kamba yake mwenyewe bila kusaidiwa.

"Tutembee," alisema.

Walilala kwenye kambi ya wawindaji, na siku ya pili, jua lilipofika utosini, miti ilikwisha ghafla na Lubindi ukatokea mbele yao. Upande wa kushoto ulikuwa bado na majani. Upande wa kulia ulikuwa mwekundu toka kileleni hadi bondeni, umechunwa kama mnyama. Na juu ya wekundu ule, kama mchwa, watu walikuwa wanachimba. Nyundo zililia kila mahali. Turubai mpya za bluu zilikuwa zimetandazwa palepale udongo ulipolala.

Agathe alimtafuta Jérémie, mkubwa wa mashimo, mwanamume mwenye sauti iliyokauka kwa vumbi. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia alipoambiwa ni mama wa mmoja wa waliofukiwa.

"Pole sana, mama. Walikuwa wanatoka kila fasi. Wengine walifika asubui ya siku ile ile, hata jina hatukuuliza."

"Alikuwa shimo gani?"

"Yalikuwa sita. Sasa yote imekuwa moja."

"Nionyeshe tu fasi."

Jérémie alinyoosha mkono kuelekea mwamba mmoja. Mchimbaji aliyekuwa karibu akasema hapana, lile shimo la watu wa Masisi lilikuwa chini zaidi, karibu na migomba. Wa tatu akasema migomba nayo iliteremka, haikuwa pale zamani. Wakaanza kubishana, wakionyesha huku na huku, na Mukankusi akafuata kila mkono ulionyooshwa, akapiga hatua upande huu, akarudi, akasimama. Kisha akamgeukia Agathe.

"Weye unajua njia," alisema. "Iko wapi?"

Agathe aliuangalia udongo mwekundu miguuni pake. Miaka tisa alikuwa amewaleta watu hadi mahali hapa, na hatua kumi mbele ya hapa hakuzijua.

"Mutawatoa lini?" Mukankusi alimuuliza Jérémie.

Mwanamume yule alizungusha kofia mikononi. "Tunachimba toka chini, mama. Tukiwakuta, tutawazika. Tulikwisha kuzika wanne."

"Na udongo mwenye kutoka, unapelekwa wapi?"

"Ku kamto, pale. Wamama wanausafisha, wanatosha mawe."

Agathe alikwenda kukabidhi mafuta kwa mwenye kantini. Alilazimika kueleza vikombe vilivyopungua, akangoja, akapewa mabidoni matupu. Aliporudi mahali alipomwacha mwenzake hakumkuta. Wabebaji walikuwa wakiitana ili waifikie kambi kabla ya mvua.

Alimwona chini, kwenye kijito. Wanawake kama ishirini walikuwa wameinama ndani ya maji hadi magotini, wanazungusha mabeseni, wanamwaga tope, wanazungusha tena. Mukankusi alikuwa mwisho wa mstari, kikwembe amekipandisha na kukifunga kiunoni. Mmoja wao alikuwa amempa beseni, mwingine amesogea kumwachia nafasi.

"Mama Mucyo," Agathe aliita kutoka ukingoni. "Wanatungoja. Twende."

"Weye uende."

"Utafanya nini hapa?"

"Udongo yote inapitia hapa, ao sivyo?"

Wanawake wale wengine walizungusha mabeseni yao haraka, kwa mviringo, ili maji yachukue kilicho chepesi na kizito kibaki. Yeye hakuzungusha. Alichukua bonge, akalivunja kwa vidole, akalipapasa hadi likaisha, akachukua lingine. Kutoka juu mwanamume mmoja alimpigia kelele aongeze mwendo, kwamba watu wanaleta magunia.

Agathe alitua mabidoni. Nyuma yake wabebaji walimwita mara ya mwisho, kisha sauti zao zikaingia porini. Hapo majini Mukankusi hakuinua kichwa. Gunia jipya lilimwagwa mbele yake, akaingiza mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, na maji yakateremka katikati ya miguu yake, mekundu, yakaelekea bondeni.