Waseme na Sakafu ya Jumamosi

Pale mtaani Kabiro watu walisema kwamba ukimwaga ugali kwenye sakafu ya Nasipwondi unaweza kuuokota ukaula, na usisikie hata chembe ya mchanga mdomoni. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu, ukuta wa udongo na paa la mabati, katika ploti ya Ndungu yenye vyumba vya kupanga. Lakini kila Jumamosi Nasipwondi alienda nyuma ya ploti, kwenye zizi la ng'ombe wa Ndungu, akajaza karai mavi mabichi. Aliyachanganya na udongo mwekundu na maji, akapiga magoti, akakandika sakafu kwa kiganja akirudi nyumanyuma hadi mlangoni, akiacha alama za vidole kama viwimbi. Hivyo ndivyo mama yake alivyofanya kule Bungoma. Kuacha kukandika, kwake, kulikuwa kama kuacha kuoga.

Mwaka ule wa mvua ya Elnino, ukuta wa nyuma ulilainika kama uji. Wezi wakautoboa usiku, mumewe Shivachi akiwa kazini kwake Lavington alikokuwa askari wa usiku, wakabeba redio na blanketi, na Nasipwondi mwenyewe amelala palepale. Ukuta ulizibwa kesho yake. Usingizi wake haukuzibika. Ikawa Shivachi akishika rungu na koti kutoka, yeye anakaa kitandani mpaka jogoo awike, akisikiliza ukuta.

Ndipo binti yao Mildred, aliyeolewa Kibera, akaja kutoka kwake Kambi Muru, hukohuko Kibera, na kiondo, na ndani ya kiondo mtoto wa mbwa, rangi ya kahawia, sikio moja jeupe. Majirani wakacheka. Ajuza wa chumba kimoja afuge mbwa? Nasipwondi akamwita Waseme.

Hakumpiga. Mbwa akiamka, anabebwa nje. Akila, nje. Akimaliza kutafuna kiatu cha mtu, nje. Katika ploti yenye milango mingi, mbwa akikosea mlangoni kwa mwenzako hiyo ni kesi, basi alimpeleka mbali kabisa, nyuma ya zizi, kando ya lundo la mavi ya ng'ombe, ambapo hakuna wa kulalamika. Alisimama hapo na gunia kichwani, mvua ikimpiga mgongoni.

"Kojoa, baba. Kojoa twende."

Waseme akimaliza, alipata sifa, "Ewaa! Mwanaume huyo!", na kipande cha ukoko wa ugali kutoka mfuko wa aproni. Haikuchukua muda akaanza kukwaruza mlango mwenyewe akibanwa. Usiku alilala miguuni pa kitanda akikoroma kama mzee, na Nasipwondi akalala pia.

Halafu Jumamosi moja Shivachi akaamka alasiri, akashusha miguu na soksi zake nene za kazi, zikalowa chepechepe.

"Mama Mildred! Huyu si mbwa, huyu ni mfereji!"

"Ni mtoto, Baba Mildred. Mtoto huteleza." Akamwaga majivu juu ya yale maji, akafagia.

Jumapili Waseme akateleza tena. Katikati ya wiki ikawa afadhali, akawa anakwaruza mlango vizuri kabisa, mpaka Nasipwondi akasahau. Jumamosi ikaja, na Waseme akakojoa katikati ya chumba. Shivachi akasema ni mvua, mbwa hataki kulowa. Waceke, mke wa Ndungu, akasema ni kudekezwa.

"Shosho, mshike shingo umsugue pua hapohapo. Atajua."

Nasipwondi alifanya hivyo, mara moja tu. Mbwa akalia kama mtoto aliyeungua. Kesho yake hakukojoa katikati ya chumba, akaenda kukojoa chini ya kitanda, gizani, nyuma ya sanduku. Mama wa watu akainama na taa ya koroboi akatazama, akaona yale macho mawili yakimtazama kwa hofu. Alichojifunza mbwa ni kumwogopa yeye, basi. Akamvuta polepole, akamweka mapajani, na tangu siku hiyo hakumsugua tena.

Lakini Shivachi alikuwa amechoka kufua soksi. Na Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yao kupokea kina mama wa kanisa kwa maombi.

"Akikojoa mbele ya wageni, Jumatatu namrudisha Kambi Muru. Nimesema."

"Na usiku nitalala na nani?"

"Utalala na Mungu."

"Mungu habweki, Baba Mildred."

Shivachi alitaka kucheka, akajizuia. Neno lilikuwa limeshatoka.

Jumamosi, kwa ajili ya wageni, Nasipwondi alijaza karai pomoni. Alikandika kuzunguka kitanda, mumewe akiwa amelala fofofo. Viwimbi vilipangika mpaka kwenye kizingiti, vikang'aa. Ilipokauka akamfungulia Waseme.

Mbwa akashusha pua. Akanusa, akazunguka, akanusa tena, akachagua mahali. Akachuchumaa. Nasipwondi alifungua mdomo kupiga kelele, kisha akatazama vizuri. Mbwa hakujificha. Mkia ulikuwa unatikisika. Na alipomaliza hakukimbilia chini ya kitanda. Alikuja moja kwa moja mpaka miguuni pake, akaketi, akautazama mfuko wa aproni.

Alikuwa anangoja ukoko wake.

Nasipwondi akakaa kwenye kigoda. Akatazama viganja vyake, ukijani bado uko kwenye kucha. Akavinusa. Akatoka nje mpaka nyuma ya zizi, kando ya lundo, akasimama pale alipozoea kusimama na gunia, akavuta pumzi. Harufu ni hiyohiyo. Ng'ombe ni walewale. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu, Waceke akatoa kichwa zizini.

"Shosho, kuna nini?"

"Mbwa amenishinda akili, mama. Nilimwambia choo ni pale panaponuka hivi, akasikia. Kisha kila Jumamosi mimi nakibeba choo kwa karai nakileta nyumbani, na nikamsugua pua kwa kunitii."

Kicheko kilipoisha, ikabaki kazi. Alirudi na jembe, akaanza kuikwangua sakafu aliyoikandika asubuhi. Viwimbi vikaondoka kimoja kimoja. Alijiona kama anamkwangua mama yake. Shivachi akafumbua jicho moja.

"Unabomoa nyumba?"

"Nahamisha choo. Lala."

Alichekecha udongo mwekundu kwenye kikapu kikuukuu, akauchanganya na majivu mengi na maji, basi. Udongo haukushika vizuri. Alama za vidole zilijifuta zenyewe, na ulipokauka ukaanza kupasuka. Akaumwagia maji, akausugua tena kwa jiwe laini. Nyufa zikarudi.

Kina mama walikuja Jumapili na miavuli inayovuja. Kiongozi wao Awiti, mwanamke mnene asiyemeza neno, akatazama chini kabla hata ya kuketi.

"Yawa! Mama Mildred, hii sakafu imepasuka kama kisigino cha mkulima. Wiki hii hukukandika?"

Uso ulimwaka. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuisema sakafu yake.

"Nimekandika, dada. Keti tuombe."

Awiti akaanza kuomba, na maombi ya Awiti yalikuwa marefu. Yalianzia Kabiro yakapita mpaka mataifa ya mbali. Shivachi alisimama karibu na mlango, koti limefungwa mpaka shingoni. Katikati ya mataifa Waseme akaamka chini ya kigoda, akajinyoosha. Akashusha pua.

Nasipwondi akafumbua jicho moja. Shivachi alikuwa ameshafumbua yote mawili.

Mbwa akanusa ufa mmoja. Akazunguka mara moja. Akanusa ufa mwingine, akaganda hapo, na Nasipwondi akashika aproni kwa mikono miwili. Kisha Waseme akapiga chafya kwa vumbi la majivu, akapita katikati ya miguu ya kina mama mpaka mlangoni, akakwaruza ubao mbele ya viatu vya Shivachi.

Nje mvua ilianza kupiga mabati. Shivachi akamtazama mkewe, akitaka yeye ndiye amtoe mbwa. Nasipwondi akafumba macho haraka, akawa mtu wa maombi kabisa.

Mlango ukalia. Baridi ikaingia, ukafungwa. Awiti akapandisha sauti kushindana na mvua, lakini kutoka upande wa zizi sauti nyingine nzito ikasikika, ya mtu aliyelowa.

"Kojoa, baba. Kojoa twende."

Nasipwondi, macho bado yamefumbwa, akapapasa mfuko wa aproni. Ukoko ulikuwepo.