Picha ya Ijumaa Alfajiri

Jua lilichomoza jekundu kama jicho la mlevi, mwenzangu, halafu moshi ukalimeza. Ijumaa nzima likawa halipo. Mchana ukawa kama magharibi, na majivu yakashuka juu ya mji polepole, mepesi, bila haya, yakitua kwenye kamba za nguo na kwenye mabega ya watu wasiojua yametoka wapi.

Mimi nilijua: yalitoka mlimani kwetu. Nilikuwa kwa mwanetu, nimekwenda kumwona mjukuu, na barabara ya kupanda kwetu imefungwa. Askari kasimama katikati na filimbi yake. "Mzee, rudi." Nirudi wapi, na nyumbani kwangu ni mbele?

Usiku ule moto ukafika kwetu. Hukutoka, mwenzangu.

Gari la matangazo halikupanda mlima kukwambia toka. Lilipanda baadaye, moto umekula na kushiba, kipaza sauti juu, na ndani yake mkuu wetu wa eneo, yule uliyempa jina la Bwana Tangazo. Akatangaza kwamba moto ulianza jikoni kwako, ukapanda msituni. Jikoni kwako! Wewe uliyekuwa ukiyamwagia majivu maji mpaka yalie, ukayachokora, ukayamwagia tena.

Marehemu hana mdomo. Ndiyo maana wakubwa wanampenda. Wamtwike watakacho, hasemi umenielemea. Nilikwenda ofisini nikamwambia, mkuu, moto ulishuka kutoka msituni, huko mlikopewa kulinda ninyi. Akajinyoosha kitini. "Mzee, leta ushahidi. Hata ndege hazikuona kitu, moshi ulikuwa mzito." Moshi ndio ulikuwa wakili wake.

Na watu wakaanza kunipita njiani kama mtu mwenye upele. Waliounguliwa nyumba walikuwa wengi, kila mmoja akitafuta wa kumlaumu. Wakapewa wewe.

Ndipo akaja binti wa ramani, na kompyuta yake begani. Kazi yake ni kuchora palipoungua. Akatuita sote kwenye ukumbi wa ofisi, akafunga mapazia, akamulika picha ukutani. Nilikaa nyuma na uchungu wangu. Picha za serikali nazijua: wao wamesimama mbele, sisi tunatokea visogo.

Lakini sikia, mwenzangu. Sikia.

Kuna kitu huko juu, juu kuliko mawingu, kinaizunguka dunia bila kuchoka. Wanakiita setilaiti, na ndani yake mna rada. "Haina jicho, mzee wangu," binti akasema. "Inatuma mawimbi. Inabisha hodi, halafu inasikiliza itakavyojibiwa."

Na moshi? "Inapita." Na giza? "Inapita." Na wingu la mvua? Akacheka. "Inapita, mzee, inapita."

Nikashika kichwa. Tangu tuzaliwe, nani wa huko juu aliwahi kutubishia hodi?

Msitu wenye majani, akasema, hujibu kwa fujo, jani hili linalirushia lile, kama soko siku ya gulio. Ulioungua hauna la kujibu. Hodi inaingia kama kwenye nyumba iliyohamwa, na pale picha inakuwa nyeusi. Bati je? "Bati lina kelele. Nyumba mara nyingi utaiona nyeupe."

Picha yenyewe ilijaa vitone. "Mbona ina tetekuwanga?" nikauliza, na ukumbi ukacheka, hata Bwana Tangazo kwenye kiti chake cha mbele. "Ndivyo zilivyo. Ukizizoea utaona."

Nikazizoea. Nikauona mto. Nikauona mgongo wa mlima wetu, kama ng'ombe aliyelala.

"Hii ni ya Ijumaa alfajiri," binti akasema. "Moto ulikuwa bado unawaka."

Msitu wa juu ulikuwa mweusi, wote, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Weusi ule ukashuka, ukashuka, ukakomea juu kidogo ya kwetu. Chini yake palikuwa kijivu: miti yetu, majani yake yakijibu hodi. Na katikati ya miti, kitone kimoja cheupe.

"Hiyo ni nyumba. Ilikuwa haijaguswa."

Jirani yetu wa bondeni, yule aliyekuwa akinigeuzia uso, akasimama. "Kwa hiyo moto ulishuka," akasema. "Haukupanda. Ulishuka." Akanigeukia. "Shemeji, tusamehe. Tulimsema vibaya."

Bwana Tangazo akakohoa. "Tutatoa taarifa mpya, kwa utaratibu."

"Ulimchafua kwa gari, mkuu," nikamwambia. "Msafishe kwa gari."

"Kwa gari!" watu wakaitikia nyuma yangu. "Na kipaza sauti!" Akafuta jasho. "Haya. Kwa gari. Kesho."

Nilikuwa nimefuata jina lako, mwenzangu, nikalipata. Lakini macho hayakuweza kubanduka ukutani. Ijumaa alfajiri! Saa hiyo huwa umeamka. Saa hiyo ulikuwa chini ya bati lile, unajifunga kitambaa kichwani, unakohoa kile kikohozi chako cha kuwaamsha kuku. Na kutoka huko ambako hakuna mkubwa wetu anayefika, wimbi likapasua moshi wote ule, likagusa bati juu ya kichwa chako, likarudi mbinguni likisema: yupo.

Yupo!

"Tuendelee, mzee?" Binti alikuwa ameweka kidole kwenye kompyuta. "Inayofuata ni ya baada ya moto."

"Iache hapo, mwanangu. Iache kwanza."

Akatoa mkono. Hakuna aliyenyanyuka kufungua mapazia. Mwanga wa picha ukatuangukia nyuso zote, wa mbele na wa nyuma, na kando ya weusi ule nyumba yetu ikawaka, nyeupe, ndogo, bila moshi.