Bugi la Mwembesongo

Tangu mumewe Dadi aondoke na kikosi chake kutoka Ngerengere kwenda vitani Kagera, Hidaya hakuweza kukaa mahali pamoja. Aliinjika sufuria, akaiacha jikoni, akaenda kwa jirani mwenye redio. Taarifa ya habari ikiisha alirudi, akakuta maji yamekauka, akatoka tena. Mtaa mzima wa Mwembesongo ulikuwa hivyo. Kila lori la jeshi lililopita lilitoa watu milangoni.

Jumapili moja alasiri alisikia magitaa. Bendi ya mtaa, iliyonyamaza tangu vita ianze, ilikuwa imerudi kupiga bugi, dansi lake la mwendo wa kasi, katika ukumbi wa karibu na soko. Hidaya alipandwa na hasira. Vijana wanakufa huko, hawa wanacheza dansi. Akajitanda khanga, akaingia ukumbini hadi mbele ya jukwaa, akamwambia Mzee Mwinshehe, mpiga gita la solo, kwamba hawana haya.

Muziki ukakatika. Mwinshehe alimwuliza mumewe yuko wapi, naye akamwambia. Kisha mzee akamwonyesha mama mmoja wa Kiluguru aliyekaa benchi la mbele. Aliitwa Martina, ameteremka kwa miguu kutoka milimani. Mwanawe, Kasimiri, ndiye aliyekuwa mpiga besi wa bendi ile, naye alikwenda vitani na mgambo.

"Yeye ndiye aliyetuomba tupige," Mwinshehe alisema. "Anasema kimya cha nyumbani kinamtafuna. Tukiacha, mwanangu, aende wapi?"

Hidaya akakaa kando ya Martina, akamwamkia shikamoo. Mama yule aliitikia, akamwuliza jina la mumewe, kisha akanyanyuka kumnong'oneza mwimbaji.

Wimbo ulipoanza tena, mwimbaji alimtaja Kasimiri, halafu akaimba, "Dadi wa Mwembesongo, tunakungoja." Hidaya alishtuka. Majirani walikuwa wakisema "yule mwenzio" tu, kana kwamba jina lenyewe lina mkosi. Sasa ukumbi mzima ulikuwa ukiliitikia. Wanawake wakaanza kusogea jukwaani, mmoja na jina la mwanawe, mwingine la kaka yake, wakisukumana kwa hofu kwamba wimbo utaisha kabla wao hawajatajwa. Mwinshehe hakuuacha uishe. Hidaya alicheza huku machozi yakimtoka, na jioni ile, kwa mara ya kwanza, alikula chakula akamaliza.

Jumapili zilizofuata hakukosa.

Askari waliporudi mwaka uliofuata, Dadi alishuka garini amekonda, sikio moja halisikii. Kasimiri hakurudi. Bendi ilipanda milimani kumhani Martina, Hidaya na Dadi wakiwa pamoja nao. Walipofika, Mwinshehe alilificha gita nyuma ya mlango, akiona si mahali pake.

Martina aliliona.

"Lileteni hapa," alisema. "Mlimwimba akiwa hai. Mbona leo mnanyamaza?"

Mwinshehe akakaa kwenye kigoda, akaanza kupiga. Dadi aligeuza kichwa, akaliegeshea gita sikio lake zima, na Martina akaanza kuimba kabla ya mtu mwingine yeyote.