Rani, Raja na Mizani ya Karanga

Sila alikisugua kitambaa kwenye mashavu ya sungura Rani, kisha chini ya kidevu mara mbili, akavuka ua na kumsugulia Raja kitambaa hicho hicho. Halafu akarudi kinyume, harufu ya Raja akampelekea Rani, ili wazoeane. Hii ilikuwa siku ya tisa.

"Leo je?" aliuliza Bibi Bhagwati, aliyeketi mlangoni mwa jiko akitoa mawe kwenye mchele.

"Leo Raja hajapiga mguu chini, Bibi. Jana alipiga mara tatu kwa hasira."

Rani, aliyepewa jina la malkia, alikuwa dume. Hilo ndilo kosa lenyewe, na lilikuwa kosa la Sila. Sungura hao walipoletwa kwa garimoshi kutoka Morogoro, wadogo kama ngumi, Bibi alimwita yeye, Mgogo aliyekulia nyuma ya ng'ombe kabla ya kuja kufanya kazi kwenye ua wa duka hapa Dodoma. Sila akainua mikia, akatazama kama anavyotazama ndama, akasema: huyu dume, huyu jike. Miezi minne baadaye manyoya yalikuwa yametapakaa uani kama pamba, na sikio la Raja limechanika.

Sila aliwahasi wote wawili, Bibi akiwa amejifungia ndani asisikie. Walipona, ila hawakupatana.

"Maksai hasahau kwa siku moja kwamba alikuwa fahali," Sila alimwambia Bwana Lalji, mwana wa Bibi, mwenye duka. "Tungoje damu ipoe."

Bwana Lalji alingoja wiki sita. Juzi akakuta manyoya ndani ya pipa la samli. "Basi!" alisema. "Jumamosi mmoja anaondoka."

Hakuna aliyeuliza ataondoka kwenda wapi. Msafiri, mpishi wa hoteli ya Wazungu karibu na stesheni, alikwisha kusema kwamba sufuria yake haichagui dume wala jike. Bibi hakuwa ameonja nyama tangu azaliwe. Alimwambia Sila kwa sauti ndogo, "Nimemlisha kwa mkono huu. Nikimtoa, nimemchinja mimi."

Leo ilikuwa Alhamisi.

Tabu ilikuwa mahali pa kuwakutanisha. Uani palikuwa kwa Raja, barazani kwa Rani, na kila nguzo mmoja wao alikwisha kuipaka harufu ya kidevu chake na kuifanya mali yake. Sila alisimama na kitambaa mkononi, akitafuta kwa macho mahali pasipo na mwenyewe. Macho yakaingia ghalani, yakatua kwenye mizani kubwa ya magunia. Hapo hajapata kukanyaga sungura.

Akaweka sanduku tupu la majani ya chai juu ya bao la mizani, akatia majani ya kunde, kisha akamtia Raja, kisha Rani. Mkono mmoja aliuvika kipande cha gunia, tayari kuwaamua.

Bao likayumba. Raja, aliyekuwa amekwisha kukunja masikio tayari kwa vita, akalala chini. Rani naye akalala. Likayumba tena, na wote wawili wakajisukuma kwenye pembe moja, ubavu kwa ubavu.

"Haa, mtani! Umeanza kunipimia?" Msafiri alikuwa ameingia kununua tangawizi. "Wana ratili ngapi?"

"Nakupimia wewe mzigo. Mnyamwezi asipobebeshwa huumwa mgongo."

"Na Mgogo mzima asiyejua dume na jike, huyo huumwa nini? Ndiyo maana mnalia ng'ombe wenu hawazai. Mmefuga mafahali watupu!"

Bibi alicheka mpaka akamwaga punje za mchele. Msafiri akainama juu ya sanduku, na kicheko chake kikapungua. "Mbona wamekumbatiana?"

"Wanaogopa."

"Wakiacha kuogopa?"

"Sijui," Sila alisema. "Ndilo ninalongoja."

Bao likatulia. Rani akainamisha kichwa, akakiingiza chini ya kidevu cha Raja, akakiacha hapo. Raja akainua shingo. Bibi akasimama. Sila akasogeza mkono wenye gunia karibu zaidi.

Raja akamlamba mwenzake utosini, mara moja, mara ya pili, kisha akageukia majani ya kunde kana kwamba hakufanya kitu.

Palepale Sila akamtoa Rani.

"Unawatoa? Wamepatana!" Bibi alilalamika.

"Hawajapatana, Bibi. Leo hawajagombana tu. Waache waachane wakiwa bado na ladha ya wema mdomoni."

"Sila." Bwana Lalji alikuwa mlangoni, haijulikani tangu lini. "Hiyo mizani. Kesho asubuhi watu wa Hombolo wanaleta karanga."

Bwana Lalji alilitazama sanduku, akamtazama mama yake, ambaye sasa alikuwa akitafuta mawe katika mchele uliokwisha kuwa safi.

"Wapelekee habari waje alasiri," alisema.

"Na Jumamosi, Bwana?"

"Jumamosi imefika?" Akarudi dukani.

Sila akamtia Rani katika kizimba cha Raja, na Raja katika kizimba cha Rani, kila mmoja alalie harufu ya mwenziwe. Raja akazunguka, akanusa pembe zote nne, akapiga mguu chini. Mara moja.

Sila akakikunja kitambaa, akakitundika msumarini kwa ajili ya asubuhi.