Chuo cha Meno

Kila aliyejifunza gari mkononi mwake alimwita Mwalimu Taratibu, na wengi walishasahau kwamba ana jina jingine. Neno hilo ndilo alilowaambia kutwa: taratibu na klachi, taratibu kwenye kona, taratibu, yule bibi anavuka. Alikaa kiti cha pembeni, miguu ikiwa tayari juu ya pedali zake za ziada, na hakuna aliyewahi kumsikia akimpandishia mwanafunzi sauti. Mzazi akija kuuliza kama mtoto wake yuko tayari kwa mtihani wa leseni, alimpa ukweli wake bila kumzungusha: bado, kurudi nyuma kunamshinda, mpe muda kidogo. Wazazi walinuna, wakaenda, na baadaye wakarudi kumshukuru.

Ila kwa binti yake mwenyewe, utaratibu wote ulimtoka.

Binti alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na ndiye mtoto wao wa kwanza. Alama zake zilikuwa za katikati, si za kuficha wala za kutangaza. Hesabu ilimkubali leo ikamkataa kesho. Mikono yake ndiyo iliyokuwa na akili ya peke yake. Alitengeneza pasi iliyoungua, alirudisha mguu wa kiti, na meno bandia ya bibi yake, mama mzaa baba, yalipopasuka katikati, ni yeye aliyemsindikiza kwenye karakana ya chuo cha afya ya kinywa kule nyuma ya soko. Bibi alisinzia kwenye benchi. Binti alisimama mlangoni akitazama watu waliovaa makoti meupe wakichonga nta, wakikoroga plasta, wakipanga jino baada ya jino kwenye ufizi wa rangi ya waridi, na aliporudi nyumbani alikuwa amepata jambo lake. Akasema anataka kuwa fundi wa meno bandia. Baba yake alidhani ni utani, akacheka.

Hakujua acheke vipi tena alipoona si utani, maana yeye kule kazini alikwisha kutangaza mengine. Aliwaambia walimu wenzake wa udereva kwamba binti anakwenda kusomea uinjinia chuo kikuu. Alilisema mara ya kwanza kama matumaini, mara ya pili kama mpango, na kufikia mara ya tatu likawa habari. Wenzake wakaanza kumwita Baba Injinia. Hakuwakataza. Ukweli ni kwamba alilipenda jina lile kuliko alivyopenda kukiri, na asubuhi nyingine alichelewa makusudi kuingia ofisini ili waliokwisha kukaa wamwite kwa sauti.

Mwalimu wa ushauri shuleni aliwaita wazazi, akawaeleza namna ya kuwasaidia watoto kuchagua vyuo. Kaeni na mtoto, alisema, mpange orodha yenye sehemu tatu: vyuo vya kujaribu bahati, vyuo vinavyolingana na alama zake, na kimoja au viwili vya uhakika. Msijaze sehemu ya kwanza mkasahau hizo nyingine.

Jumapili mchana wakakaa. Mama mtu, ambaye alishona sare za shule hapo hapo sebuleni, aliendelea na cherehani yake huku akisikiliza. Mwalimu Taratibu akashika kalamu yeye mwenyewe. Akaandika chuo kikuu kikubwa, uinjinia. Akaandika cha pili, uinjinia. Akaandika cha tatu, ambacho hata yeye alikuwa amekisoma gazetini tu, uinjinia. Binti alikuwa amekaa mikono mapajani, akisema ndiyo baba, ndiyo baba, kwa ile sauti ya mtu anayesubiri mvua ipite.

Mkewe akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Baba watoto, wewe ungempeleka kwenye mtihani mwanafunzi asiyejua kurudi nyuma?"

"Wale ni watoto wa watu," akajibu.

Jibu lilimtoka hivyo hivyo, na hakulifikiria. Mkewe alimtazama kidogo, akarudi kwenye mshono wake. Mwishoni, ili mwalimu wa ushauri asije akasema hawakufuata maelekezo, baba akaandika chuo cha afya ya kinywa chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Haukupita muda, chuo kile kikaalika wanaokusudia kuomba na wazazi wao waje kukiona na kuongea na wakufunzi. Binti aliomba waende. Mwalimu Taratibu alikubali kwa kuwa mkewe alikuwa amesimama pale pale, lakini gari la shule ya udereva, lenye kibao juu ya paa, alikwenda kuliegesha mbali, nyuma ya duka la mbao, wakatembea kipande kilichobaki juani. Binti hakuuliza kwa nini.

Foleni ilikuwa ndefu kwenye kibaraza. Kabla hawajafika katikati yake, mtu akamwita kwa nyuma: "Baba Injinia! Na wewe uko huku?"

Alikuwa mwanamke mwenye duka la vipuri, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Alikuja na kijana wake mrefu, mkimya, aliyekumbatia bahasha ya vyeti kifuani. Mama yule aliuliza kwa furaha tu, kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Lakini Mwalimu Taratibu aliona kama ameshikwa mkono ukiwa ndani ya mfuko wa mtu. Damu ikampanda masikioni, na mdomo ukatangulia.

"Aa, sisi tumepita tu," akasema, na akasema kwa sauti ya kusikika na foleni nzima. "Hiki kwetu ni tairi la spea. Binti anakwenda uinjinia. Huku si mnajua, wanakuja watoto ambao vitabu vimewashinda."

Akacheka mwenyewe. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Mama wa vipuri aliinua mkono akaupitisha begani kwa kijana wake, kama anayemfuta vumbi, na uso wake ukajifunga. Kijana aliitazama bahasha. Mbele yao kidogo, mwanamke mfupi wa makamo aliyekuwa akipita na trei ya vielelezo vya meno, koti lake jeupe limetapakaa plasta, alisimama. Alimwangalia baba, akamwangalia binti, kisha akaingia ndani na trei yake bila neno.

Binti alikuwa akiangalia viatu vyake. Walisogea hivyo mpaka mlangoni, hatua moja moja.

Zamu yao ilipofika waliingizwa karakanani, na aliyekaa nyuma ya meza ni yule yule mwanamke wa trei. Ndiye mkuu wa karakana. Mwalimu Taratibu akahisi shati limemganda mgongoni. Mkufunzi aliwakaribisha vizuri tu, akampa binti kiti, akamuuliza ni nini kilichomvuta kwenye kazi hii. Baba mtu, kwa hofu ya kimya, akajibu yeye: kwamba binti ni mchapakazi, ana nidhamu, hata nyumbani anatengeneza pasi.

"Namuuliza yeye, mzee," mkufunzi akasema.

Akauliza swali jingine, kuhusu kemia. Mwalimu Taratibu akajikuta amekwisha kueleza kwamba kemia ilishuka muhula mmoja tu kwa sababu ya mwalimu kubadilishwa. Hapo mkufunzi akamwomba kwa adabu akapumzike nje. Akatoka. Yeye, aliyezoea kuwaambia mama za watu wasubiri kivulini wakati mtoto anaendesha, akasubiri kivulini.

Dirisha la karakana lilikuwa wazi juu ya benchi alilokalia. Hakukusudia kusikiliza. Alisikia viti vikisogea, akasikia mkufunzi akiuliza na binti akijibu, sauti ikianza ndogo, halafu ikikua alipofika kwenye nta na meno ya bibi. Mkufunzi hata akacheka mahali fulani. Kisha binti akasema:

"Mwalimu, naomba unisamehe kwa maneno ya baba pale kwenye foleni. Si mtu mbaya. Ananionea aibu tu."

Mkufunzi alijibu kwa sauti ya chini, na jibu halikufika dirishani.

Mwalimu Taratibu aliinamisha kichwa. Kwa miaka yote ya kazi yake, watoto wa watu walikuwa wamegonga nguzo, wamezima gari katikati ya njia panda, mmoja alimtapikia kwenye dashibodi, na hakukumbuka kumwonea aibu hata mmoja wao. Na sasa binti yake wa kumzaa alikuwa amekaa mbele ya mtu mgeni, siku iliyopaswa kuwa yake, akimwombea baba yake msamaha. Tena alisema bila kulia, kama jambo la siku nyingi ambalo alishalizoea. Hilo ndilo lililomchoma kuliko maneno yenyewe.

Binti alipotoka, baba alimpa funguo akamwambia atangulie kwenye gari. Yeye akarudi kwenye foleni, kwa mama wa vipuri, akamwambia amekosa, kwamba maneno yale hayakustahili kusemwa. Kijana alijifanya anasoma tangazo ukutani. Mama yule hakumpa urahisi.

"Mwalimu, mimi uliniambia sijaiva, nikakuamini, kwa sababu ulikuwa umeniona nikishika usukani. Huyu wangu ulimwona wapi?"

Akamgeukia kijana naye akamwomba radhi, na kijana akasema haina shida, baba, kwa haraka, kama mtu anayetaka tu jambo limalizike. Baadaye alimvizia mkufunzi alipotoka kunawa mikono bombani. Akaanza na maelezo marefu juu ya wenzake kazini na lile jina, akaona yanazidi kumvua nguo, akayakatisha. Mkufunzi alikung'uta maji vidoleni, akamwambia yeye hana kinyongo, amezoea. Ila akamweleza kitu ambacho hakukijua: chuo hiki kinachukua watu wachache sana, karakana haina nafasi, na kemia wanaiangalia kwa ukali. Kama familia imekiweka mahali pa uhakika, wakapange upya. Akamtajia chuo kingine kidogo, mji wa mbali, kinachofundisha kazi hiyo hiyo na kupokea alama kama za binti.

Kwa hiyo lile tairi la spea lilikuwa hata si lake kulichezea.

Garini binti alikaa kiti cha nyuma, kama abiria. Njia nzima baba alikuwa akipanga sentensi. Walipofika nyumbani na kuzima injini, alisema tu, "Nimekusikia pale dirishani." Binti akasema alidhani baba ameketi mbali. Baba akasema anaomba radhi. Binti akasema haya, baba, akashuka. Haikuwa mengi, lakini hakuweza kudai zaidi.

Jioni ile alimsimulia mkewe kila kitu, pamoja na sehemu ambazo angeweza kuziruka. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho na hakumsuta, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi kuvumilia. Kisha akamwita binti, wakakaa tena mezani, na safari hii kalamu ilikuwa mkononi kwa binti. Mwalimu Taratibu aliuliza maswali na kungoja majibu. Iligundulika kwamba binti alikuwa amekwisha kuchunguza mengi kuliko wote wawili. Kwenye sehemu ya kujaribu bahati aliweka chuo kikuu kimoja, si cha uinjinia, cha afya ya kinywa, na chini yake chuo cha nyuma ya soko. Katikati akaweka viwili vya ufundi wa maabara. Kwenye uhakika akakiweka kile cha mji wa mbali. Mama akauliza mabweni yakoje huko. Baba akauliza kama atakuwa peke yake.

Majibu yalipotoka, chuo cha nyuma ya soko hakikumchukua. Kijana wa mama wa vipuri alichukuliwa. Mwalimu Taratibu alipata habari hizo akiwa njiani na mwanafunzi, akamwomba aegeshe pembeni, na mwanafunzi akamuuliza kama anaumwa. Alikuwa na hakika kwamba ni mdomo wake ndio uliomfungia binti ule mlango. Alimwambia hivyo binti mwenyewe.

"Baba, ni kemia," binti akamwambia. "Alama zilibandikwa pale. Nilizidiwa."

Alirudia mara kadhaa, kwa upole, na yeye akaitikia. Hata hivyo hakuamini moja kwa moja, wala hakuwahi kupata ujasiri wa kwenda kumuuliza mkufunzi. Lilibaki kwake kama kokoto kiatuni. Chuo cha mji wa mbali kilimwita binti, naye alipakia sanduku lake kwa furaha ambayo baba yake aliona hakuichangia kitu. Siku ya kwanza kule alipiga simu kusema wamepewa kila mtu kipande cha nta na kisu, akaongea na mama yake muda mrefu. Na baba akaongea naye muda mfupi.

Kazini bado walimwita Baba Injinia. Asubuhi moja mwanafunzi mpya, mhasibu mwenye maswali mengi, alilisikia jina hilo, na walipokuwa wakizunguka uwanjani akamuuliza binti yuko mwaka wa ngapi wa uinjinia. Mwalimu Taratibu akamwambia binti anasomea kutengeneza meno bandia.

"Kumbe," mhasibu akasema. "Uinjinia alikosa?"

Uongo ulikuja wenyewe, umeshavaa na kuchana nywele: alipata, akaukataa. Aliusikia kabisa ulimini. Masikio yakamwaka, kama siku ile kwenye foleni.

"Hakuomba," akasema. "Nilikuwa namwombea mimi. Haya, weka gia ya kwanza."