Boliti za Kiume za Mjomba Wayne

Mjomba Wayne alipoileta mashine yake mpya ya kurusha theluji, alitaka tutoke wote nje tuishangilie. "Wote" ni mimi na Bibi Aune, na nyonga ya Bibi ilikuwa haijapona tangu aanguke kwenye ngazi mwezi wa kumi na mbili. Tukasimama mlangoni kwenye baridi, tukimwangalia mtu mzima wa miaka hamsini na minne akipapasa kitu cha manjano kama anapapasa ng'ombe wa maonyesho.

"Ina taa mbele," akasema. "Vipini vina moto, mikono haigandi. Gia sita za kwenda, mbili za kurudi."

"Gia sita unakwenda nazo wapi?" Bibi akauliza. "Njia yenyewe ya gari hatua thelathini."

"Mama, wewe huelewi mashine."

"Naelewa theluji. Saima, nirudishe ndani, miguu imekufa ganzi."

Mashine hiyo haikununuliwa kwa mapenzi. Alhamisi, saa nne asubuhi, alikuwa anakuja Bi. Marchetti, muuguzi wa kaunti. Alikuwa ametuambia waziwazi kwamba kama gari la wagonjwa haliwezi kufika mlangoni siku yoyote ya majira haya, hatatia sahihi Bibi abaki nyumbani kwake. Atapelekwa nyumba ya wazee ng'ambo ya daraja. Bibi alizaliwa katika nyumba hii, na sauna ya uani, kibanda cha kuoga mvuke, aliijenga mumewe. Kwa siku tatu alikuwa hali chakula vizuri, hata mkate wake wa iliki aliuacha ukakauka mezani.

Fomu ilikuwa na mstari wa jina la mtu anayeondoa theluji. Kwa miaka mitano mtu huyo nilikuwa mimi, na beleshi langu la kusukuma: karai la bati pana kama meza, lenye mpini uliopinda, ambalo huku kila nyumba inalo. Mjomba akajiandika yeye.

"Tukiandika msichana na karai, watatucheka," akasema.

Mimi hunyamaza, na watu kama Mjomba hudhani ukimya ni nafasi wameachiwa wao.

Jumatatu akaanza kazi saa kumi na mbili asubuhi. Kila mtu wa huku, hata mtoto, anajua kwamba unasubiri kwanza greda la kusukuma theluji ya barabarani lipite, kwa sababu likipita linaziba mlango wa njia yako kwa tuta la barafu na mchanga. Mjomba hakusubiri. Alitaka majirani wanaokwenda kazini wamwone. Akarusha theluji yake juu, upepo wa ziwani ukamrudishia yote usoni, masharubu yakawa meupe. Akamaliza, akajipiga picha. Robo saa baadaye greda likapita.

Bw. Trevarrow, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa ameegemea beleshi lake. "Wayne!" akapiga kelele. "Umelitengea greda mahali pazuri pa kutupa!"

Mjomba akalivamia tuta kwa gia ya nne. Tak! Meno ya mashine yakaacha kuzunguka. Zilikuwa zimekatika zile boliti mbili laini zinazoyashika. Akatia nyingine. Tak! Nazo zikakatika. Akakitukana kiwanda, akaenda kwenye sanduku lake la vifaa, akarudi na boliti mbili nene za trekta.

"Hizi ndizo boliti za kiume," akasema.

Kitabu cha mashine kilikuwa mezani. Mimi husoma polepole, ila pale hapakuhitaji kusoma. Palichorwa boliti nene, na juu yake alama nyekundu ya mkato. Zile laini zinatengenezwa zikatike makusudi, ili giaboksi isivunjike.

"Mjomba," nikasema, "kitabu kinakataza..."

"Kitabu kimeandikwa na watu ambao theluji wanaiona kwenye kadi za Krismasi. Na acha kuokota yale magazeti ya matangazo huko nje. Mashine itayasaga."

Magazeti hayo hutupwa kila wiki mlangoni pa njia, yamefungwa kwenye plastiki, yakazikwa na theluji. Nilikuwa nikiyaokota kila mara. Wiki hiyo nikaacha. Siwezi kusema niliacha kwa utii tu.

Alhamisi tuliamka na futi mbili mpya za theluji. Greda lilipita saa mbili. Mjomba alitoka saa tatu, baada ya mayai na vikombe vitatu vya kahawa, kwa kuwa mashine, alisema, ingemaliza kwa dakika kumi. Mimi nilikuwa nimeshasafisha ngazi na sehemu ya karibu na nyumba. Kilichobaki kilikuwa mlango wa njia.

Akaingia kwenye tuta kwa kishindo. Nikasikia mashine ikimeza kitu, kisha mlio kama mfupa wa mguu unapovunjika. Safari hii hakuna boliti iliyokatika. Mashine ikaruka, ikapanda tuta, ikakaa juu yake kwa tumbo, matairi yakining'inia. Mafuta ya giaboksi yakadondoka kwenye theluji. Katikati ya meno, gazeti lililoganda gumu kama gogo lilikuwa limebana, likitangaza punguzo la nyama ya kusaga.

Mjomba akavuta, akasukuma, akaipiga teke. Haikusogea hata kidole.

"Ina dhamana," akasema. "Nakwenda kupiga simu."

Akaingia ndani. Saa tatu na dakika kumi na tano! Kupitia dirisha nilimwona Bibi kwenye kiti chake, koti la kanisani amelivaa tayari, akiangalia lile dude la manjano lililouziba mlango wa njia yake.

Nikachukua beleshi. Kando ya mashine, upande wa kichaka, palikuwa na nafasi ya gari moja, nayo imejaa barafu hadi kiunoni. Nilipoinua kichwa, Bw. Trevarrow alikuwa amevuka na sepetu.

"Mimi nakata, wewe sukuma," akasema. "Yule mwenye vipini vya moto yuko wapi?"

"Kwenye simu."

"Vizuri. Huko hawezi kuvunja kitu."

Tukakata, tukasukuma. Jasho liligandia kwenye nyusi zangu. Bi. Marchetti alipofika, kipande cha mwisho kilikuwa bado kwenye beleshi langu. Alipunguza mwendo, akaizunguka mashine, akapita hadi mlangoni.

Mezani, Mjomba alikuwa wa kwanza kusema. "Umeona njia? Theluji ni jukumu langu. Nina mashine ya kisasa."

"Ile iliyopanda kilima?" Bi. Marchetti akauliza.

"Hitilafu ya kiwanda."

"Wayne," Bibi akasema, "nyamaza, mwanangu. Unaniaibisha mbele ya mgeni."

Muuguzi akageukia suruali yangu iliyolowa. "Aliyefungua njia ni nani?"

Mjomba akanitazama kama mtu anayesubiri nafasi yake ya kawaida.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi kila siku. Na nikiugua, Bw. Trevarrow atakuja. Ameshakubali."

Alikuwa hajaulizwa, lakini nilimjua. Bi. Marchetti akalikata jina la Mjomba kwa mstari mmoja, akanisogezea fomu na kalamu. Niliandika polepole, herufi moja moja, na hakuna aliyenicheka. Kisha muuguzi akatia sahihi yake chini, na Bibi akaomba mkate uletwe.

Mashine ilibaki pale ilipokuwa. Muuzaji alisema boliti za trekta zimeua dhamana. Theluji ilianza tena alasiri, na nilitoka kufunga kitambaa chekundu kwenye kipini chake, dereva wa greda aione, asije akaigonga akaumia. Yeye hana kosa lolote.