Injini Isiyofunguliwa

Injini ilishushwa Mwandiga siku ya Alhamisi kutoka kwenye lori la Dar es Salaam, imezungushiwa turubai. Wanaume wanne waliibeba hadi chini ya bati la gereji, na kabla hawajaitua vizuri fundi Thobias alikuwa ameshaisifu. Alifunua turubai, akapitisha kiganja ubavuni mwa chuma, akamgeukia mwenye mali.

"Hapa umepata, Bwana Benedict. Ya mtumba, lakini bado mbichi kabisa."

Waliokuwepo wote walisikia. Benedict, afisa misitu aliyehamishiwa Kigoma kutoka Rombo, hakujua lolote kuhusu injini wala hakuona haya kusema hivyo.

"Mimi nakutegemea wewe, Mzee. Ikague ndani, ukiridhika uifunge. Gari analitumia zaidi mke wangu, kila siku anakwenda Kidahwe kufundisha."

"Nitaifungua yote," Thobias akamwahidi.

Kesho yake alianza kama alivyozoea kwa miaka ishirini na mitano. Alichomoa plagi, akaizungusha injini kwa spana. Ikazunguka laini, bila kukwama. Kisha akamwaga kwenye beseni mafuta machache yaliyobaki ndani. Jua lilipoyapiga, mafuta yale meusi yalimeremeta unga mwembamba wa rangi ya shaba. Alichovya vidole viwili, akavisugua. Alijua ni nini. Beringi zikianza kuliwa hutoa unga wa namna ile, na njia ya kuhakikisha ilikuwa moja tu: kufungua sampo, lile bakuli la mafuta lililo chini ya injini, alegeze vifuniko vya beringi na kuzitazama kwa macho. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Gervasi, fundi umeme waliyechangia naye bati lile, alipita akachungulia.

"Mzee Thobi, mafuta hayo mbona yanang'aa?"

"Uchafu wa safari," Thobias alijibu, akayamwaga kwenye pipa la mafuta machafu kabla mwenzake hajainama.

Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini, na hakupata sababu yoyote kubwa. Hakuna aliyemhonga. Wala hakuwa na haraka. Alikuwa amesema mbele ya watu kwamba injini ni mbichi, na kuifungua kungemlazimu awaambie watu wale wale kwamba alikosea. Basi. Jumatatu akaifunga. Gari likawaka kwa mara ya kwanza, likanguruma taratibu, na Benedict akampa mkono.

"Ndani umekuta kuzuri?"

"Kuzuri kabisa."

Injini ilinoki wiki ya saba. Sia, mke wa Benedict, alikuwa anarudi kutoka shuleni mvua ikinyesha, taa nyekundu ya oili ikawaka mbele yake akiwa mlimani. Akaendelea kama kilomita moja hivi, akitafuta pa kuegesha pasipo na tope. Ndipo chuma kikaanza kugonga chuma, na gari likazima. Lilivutwa kwa kamba hadi gereji. Benedict alifika kwa bodaboda, amelowa, akamkuta mkewe amejikunyata chini ya bati.

"Taa imewaka, wewe ukaendelea," akamwambia.

"Nilidhani si kitu kikubwa. Nisamehe."

"Fundi, hebu mwambie. Taa ya oili ikiwaka mtu anafanya nini?"

Gervasi na wateja wawili waliacha maongezi yao. Thobias alikuwa anafuta mikono kwa tambara, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa imekauka.

"Anazima gari," alisema.

"Umesikia? Anazima gari."

Sia aliinamisha kichwa. Jibu lilikuwa la kweli, na ukweli wake ndio uliomkosesha Thobias hamu ya chakula jioni ile.

Asubuhi aliifungua sampo, peke yake. Beringi zilikuwa zimeliwa hadi kwenye shaba, na moja ilikuwa imepasuka. Lakini michirizi iliyokuwa kwenye krenki, mhimili unaozunguka ndani ya beringi hizo, haikuwa ya jana wala ya juzi. Ilikuwa imesuguliwa hadi ikalainika, michirizi ya miaka. Ile kilomita moja ya Sia ilimalizia tu kitu kilichokuwa kinakufa tangu kiliposhuka kwenye lori. Thobias alikaa juu ya tairi, beringi mkononi, na ndivyo Sia alivyomkuta.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Naomba nione nilichokiharibu." Alisema bila kulalamika, kama mwanafunzi aliyekuja kuchukua mtihani alioufeli. "Tangu jana nimeomba radhi hadi maneno yameniisha. Ningesimama pale pale, ingepona?"

Neno "labda" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Thobias. Lingemtosha Sia, na lingemwokoa yeye. Alinyoosha mkono, akaiweka beringi kwenye kiganja cha Sia.

"Isingepona. Ilikuja hivi. Niliuona unga wake kwenye mafuta kabla sijaifunga, nikatakiwa nifungue hapa chini nitazame. Sikufungua. Mumeo nikamwambia ndani ni kuzuri."

Sia aliigeuza beringi, akaitazama pande zote.

"Na jana ulikuwa umesimama hapo."

"Nilikuwepo."

Akairudisha juu ya meza polepole.

"Mwambie mwenyewe. Nikisema mimi, atadhani nimekuomba unitetee."

Mchana ule Thobias alishuka Ujiji. Benedict alikuwa nyuma ya nyumba akimwagilia miche yake, na alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Injini ningekusamehe leo leo," alisema. "Lakini jana uliniacha nimseme mke wangu mbele ya watu, na wewe unajua."

"Nilijua nusu, Bwana Benedict. Nusu nyingine nilikuwa sitaki kuijua."

Benedict alifunga bomba.

"Basi wale waliosikia jana, nao waambie."

Thobias aliwaambia. Wale wateja wawili aliwafuata kila mmoja alipo. Mmoja alicheka, mwingine hakurudi tena gerejini. Gervasi aliambiwa wa mwisho, kwa kuwa kwake ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Hakuinua macho kwenye nyaya zake.

"Mimi nilijua siku ile ulipoyamwaga," alisema. "Na mimi nilinyamaza."

Injini nyingine Thobias aliitafuta kwa gharama yake mwenyewe. Aliifungua yote juu ya turubai, na Benedict akachuchumaa kando yake akitazama beringi moja baada ya nyingine. Zilikuwa na rangi moja ya kijivu, hazina mkwaruzo. Gari likawaka na hadi leo linatembea.

Ila analiendesha Benedict. Sia huenda Kidahwe kwa basi dogo, na anapopita gerejini humwamkia Thobias kwa heshima ile ile.

"Gari ni zima," Benedict alimwambia fundi siku alipolileta kubadilisha oili. "Tatizo, anasema taa yoyote ikiwaka hajui asimame au aendelee."

"Mwambie aje. Nitakaa naye, nimweleze maana ya kila taa."

"Nitamwambia."

Miezi mitano imepita. Sia hajaja, na Thobias hajapata ujasiri wa kumwuliza.